Usiliambie Bega Lijikaze

Kila anayeuza pedi ya bega huahidi jambo lilelile: ukiivaa, bunduki haitakuumiza. Pedi naiamini, ahadi hiyo siiamini. Tangu Isaac Newton alipochapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, imejulikana kwamba kinachosukumwa mbele nacho humsukuma nyuma anayekisukuma, kwa nguvu ileile. Marisau yakitoka mtutuni, bunduki hurudi, na ikirudi hukutana na bega. Hapana mpira wala jeli ya kuyazuia hayo. Pedi ina uwezo wa mambo mawili tu: kuurefusha kidogo ule muda ambao bunduki inasimamishwa, na kuutandaza mpigo uenee mahali papana badala ya kujikusanya kwenye ncha ya mfupa. Ni mambo madogo, lakini mara nyingi ndiyo yanayoamua kama mtoto wa miaka 14 ataupenda mchezo wa kulenga shabaha au atauogopa.

Nasema mtoto kwa sababu wangu yumo. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, shule za sekondari zina timu za kulenga shabaha kama zilivyo na timu za mpira. Ligi ya wanafunzi ilianzia jimboni humu mwaka 2001, ikaenea majimbo mengine. Ifikapo Aprili, baridi ikiwa bado haijaaga, watoto huanza kupiga mizunguko miwili ya sahani 25 kila wiki, na mwezi wa Juni hukusanyika Alexandria, mji mdogo uliozungukwa na maziwa, kwa mashindano ya jimbo yanayochukua siku kadhaa. Binti yangu alipoleta fomu ya kujiunga, nyumba nzima ilinyamaza. Sisi tumekulia Mombasa, ambako bunduki ni ya askari au ya jambazi. Na mzazi mweusi katika nchi hii ana hofu zake nyingine kuhusu mwanawe kuonekana na silaha mkononi, hofu ambazo msomaji hana haja ya kuelezwa. Tukaenda uwanjani kwanza, tukatazama. Kila bunduki ilikuwa imefunguliwa ili yeyote apitaye aone kwamba haina kitu. Hakuna aliyetia risasi kabla ya zamu yake. Miwani machoni, vizibo masikioni, na kocha mwenye sauti ya upole ambaye neno lake halirudiwi mara mbili. Tukatia sahihi. Tangu hapo hofu yangu imekuwa ya karibu zaidi: namtazama bega.

Asiyeujua mchezo wenyewe aambiwe kwa ufupi. Wachezaji watano husimama kwenye vituo vitano nyuma ya kibanda kifupi kilichozama ardhini, umbali wa yadi 16, kama mita 15. Ndani ya kibanda mna mashine. Mchezaji akiwa ameshaiweka bunduki begani huita, na mashine hurusha sahani ya rangi ya chungwa isiyofika upana wa sentimita 11, ikienda mbali naye kwa pembe asiyoijua. Ana sekunde moja hivi ya kuivunja. Sahani huitwa ya udongo, lakini ya leo hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Anayetajwa kuwa mbunifu wake ni George Ligowsky wa Cincinnati, aliyeileta mwaka 1880. Kabla yake watu walipiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye visanduku, kisha wakajaribu tufe za kioo. Njiwa hai walipigwa hata Paris mwaka 1900, kwenye michezo iliyoandamana na maonyesho makubwa ya mwaka ule.

Ninaitaja historia hiyo kwa sababu naamini pedi ya bega ni mtoto wa sahani. Mwindaji wa bata hupiga risasi chache kwa siku, na ndege akiwa angani bega halisikii kitu. Ni kweli kwamba mafundi wa Uingereza walikuwa wakibandika mpira kwenye kitako cha bunduki tangu karne ya 19, lakini kwa mwindaji hiyo ilikuwa starehe tu. Sahani ndiyo iliyoufanya ufyatuaji uwe wa mamia. Ni rahisi, haimwagi damu, haiishi, na kila moja ni risasi nyingine. Katika mashindano ya watu wazima, shindano moja laweza kuwa la sahani 200. Hakuna mpigo mmoja kati ya hiyo 200 ulio mkubwa kiasi cha kutisha. Kinachotisha ni kwamba yote inapiga mahali palepale.

Tutazame mpigo mmoja kwa karibu. Bunduki ya kawaida kwenye mchezo huu ni ya geji 12, yaani tundu lake ni la ukubwa ambao risasi 12 za mviringo zenye upana huo, zikifanywa kwa madini ya risasi, zitatimiza ratili moja. Tuseme ina uzito wa kilo 3.5. Tia ndani yake risasi yenye gramu 28 za marisau yanayotoka kwa mwendo wa mita 370 kwa sekunde. Ukijumlisha kiziba cha plastiki kilicho ndani ya risasi na gesi ya baruti, bunduki itarudi kwa mwendo wa mita 3.5 hivi kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 22 au karibu na hapo. Mwili ukiisimamisha katika sentimita mbili, nyama ikibonyea na bega likisogea, wastani wa nguvu utakuwa nyutoni 1,100. Huo ni uzito wa mtu wa kilo 110 uliowekwa begani kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, ukaondolewa. Sasa tuseme pedi imeongeza nusu sentimita ya kubonyea. Nguvu inashuka hadi nyutoni 880. Ni makadirio, maana mtu si ukuta na mwili hausimamishi kitu kwa nguvu iliyo sawa mwanzo hadi mwisho, lakini yanaonyesha kazi ilipo. Nusu sentimita imepunguza sehemu moja ya tano, na mtoto atalisikia hilo kwenye sahani ya 40 hata kama hakulisikia kwenye ya kwanza.

Hesabu hiyohiyo inafundisha jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Mtu huona mtoto mdogo, akamnunulia bunduki ndogo. Geji 20 ni nyembamba, nyepesi, inapendeza mikononi dukani. Lakini geji 20 yenye kilo 2.7, ikipiga gramu 25 kwa mwendo uleule, hurudi na jouli 24 hivi. Geji 12 nzito ya kilo 3.8, ikitiwa risasi laini ya gramu 24, hurudi na jouli 17 tu. Bunduki inayoonekana ya kitoto ndiyo inayopiga zaidi. W. W. Greener, fundi mashuhuri wa bunduki wa Birmingham katika karne ya 19, alikuwa na kanuni yake: bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisau inayoyatupa. Kwa gramu 28 hiyo ni kilo 2.7 kasoro kidogo, na kwa mtu anayetembea mashambani siku nzima akisubiri ndege mmoja, kanuni inafaa. Kwa mtoto anayesimama mahali pamoja na kupiga sahani 50 jioni moja, ni nyepesi mno. Wala huwezi kumtwisha mwembamba bunduki ya kilo nne ukadhani umemwokoa, kwa sababu ataegemea nyuma ili aibebe, kitako kitateleza, na mpigo utamkuta hajasimama vizuri.

Kwa hiyo kabla ya pedi kuna risasi. Gramu 24 ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye Olimpiki, na watu huvunja sahani zote kwa hizo. Mtoto wa shule ana haja gani na 32? Kuna pia aina ya bunduki. Zile zinazotumia sehemu ya gesi ya baruti kujipakia risasi ya pili huurefusha mpigo zenyewe, na ndiyo maana bunduki kama Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, imependwa na vijana na wanawake wa vizazi kadhaa. Nawasihi wazazi wayamalize haya kwanza. Pedi iliyonunuliwa ili kufunika kosa la risasi kali au bunduki nyepesi itaonekana mbaya hata kama ni nzuri.

Baada ya hapo ndipo pedi inapostahili mawazo yetu yote.

Anayekumbuka kubeba ndoo ya maji kichwani anaijua ngata. Ngata haipunguzi hata kikombe kimoja cha maji yale. Inachofanya ni kuuambia uzito ukae kote, usikae kwenye utosi peke yake, na ngata iliyosokotwa vibaya ni afadhali isingekuwepo. Pedi ya kizibao, vazi lisilo na mikono ambalo mlengaji huvaa, nayo ni hivyo. Huingia kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya kizibao, nyuma ya kile kiraka cha ngozi kinachopokea kitako, na jambo la kwanza la kutazama ni pale mfuko ulipo kwenye mwili wa anayevaa. Kitako hupaswa kukaa kwenye bonde lililo chini ya mtulinga, ndani ya fundo la bega. Weka vidole vyako pale, inua mkono kana kwamba unashika bunduki, utalisikia bonde likijitengeneza. Vizibao vingi vimekatwa kwa kifua cha mwanamume mzima. Ukimvika msichana mwembamba, mfuko hushuka au hukimbilia mkononi, na pedi hukaa mahali ambapo bunduki haifiki. Binti yangu alikuwa na kizibao cha kuazima cha namna hiyo. Jioni bega lake lilikuwa limevilia damu katika mstari mwembamba sana, ulionyooka, mahali ambapo kitako kizima kisingeweza kuchora.

Ilikuwa kamba ya sidiria. Kitako kilikuwa kikiibana kwenye mtulinga, risasi baada ya risasi, na pedi ikiwa imelala vidole viwili chini yake. Kocha wake, mwanamume mwema, asingeweza kuliona hilo, na msichana asingemwambia. Dada mkubwa wa timu nyingine ndiye aliyetuambia kwamba wengi huvaa ile ya michezo, yenye mgongo mpana na kamba zinazokutana katikati, ili pale mbele pabaki wazi. Naliandika hapa bila haya kwa ajili ya mama mwingine atakayeiona alama ile akadhani ni bunduki.

Kisha ni kitu pedi ilichotengenezewa. Dukani sote hufanya jambo lilelile, tunaibonyeza kwa kidole gumba, na ile inayobonyea kwa urahisi tunaipenda. Kidole gumba kinadanganya. Sponji laini hubonyea yote mara moja, ikafika mwisho wake kabla bunduki haijasimama, na sehemu iliyobaki ya mpigo hupita kana kwamba hakuna kitu. Mpira wa kawaida hupinga vizuri, lakini una tabia ya kurudisha ulichoupa, bunduki ikaruka kidogo baada ya kusukuma. Polima laini zinazofanana na jeli, ambazo ndizo zimejaa kwenye pedi za siku hizi, husogea polepole zikisukumwa polepole na hukaza zikipigwa ghafla, na sehemu ya nishati hugeuka joto ndani yake badala ya kurudi begani. Kwa kidole huonekana ngumu, hazivutii. Kwa bega ndizo ninazozichagua, hata zikiwa nyembamba. Lakini zina adui, na adui huyo anaishi Minnesota. Nyingi hukakamaa kwenye baridi. Pedi iliyolala usiku kucha kwenye buti la gari mwezi wa Aprili huwa kitu kingine kabisa asubuhi, kwa hiyo yetu hulala ndani ya nyumba na husafiri ndani ya koti, karibu na mwili, mpaka zamu ifike.

Unene nao una gharama yake. Bunduki ina urefu unaopimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, na kwa mtu mzima wa kawaida ni kama sentimita 36. Urefu huo unatakiwa umfae mtu jinsi viatu vinavyomfaa. Kila unachokiweka kati ya kitako na mwili unaurefusha: sweta, koti, kizibao, pedi. Sentimita moja ya pedi juu ya koti la baridi yaweza kumfanya msichana wa futi tano akose kulifikisha shavu mahali pake, na shavu lisipokaa imara juu ya kitako, mpigo hulipiga. Nimewaona watoto wenye bega salama na shavu jekundu. Hapo pedi haina la kufanya, maana yenyewe ndiyo iliyomsogeza. Kwa mchezo huu wetu, ambao mtu huiweka bunduki begani kwanza ndipo aite sahani, unene kidogo huvumilika kwa kuwa ana muda wa kujiweka sawa. Kwa skiti ya kimataifa, mchezo mwingine wa sahani ambao kanuni yake inataka kitako kiwe chini, karibu na nyonga, mpaka sahani ionekane, pedi nene ni mtego. Kitako kikipanda hukwama kwenye ukingo wake, na sahani haingoji.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda pedi ya kizibao kuliko ile ya kubandikwa kwenye bunduki, nayo ni ya haki. Timu za shule zina bunduki za kuazimana. Mvulana wa futi sita huitumia saa kumi, msichana wa futi tano huitumia saa kumi na moja. Bunduki haiwezi kukatwa ili iwafae wote wawili, lakini kila mmoja anaweza kuwa na kizibao chake na pedi yake, na kwa mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kununua bunduki, hicho ndicho kipande pekee cha mchezo kilichopimwa kwa mwili wake. Bei ya pedi haizidi sana bei ya masanduku matatu manne ya risasi. Klabu inayoweza kununua risasi inaweza kuwa na kapu la pedi.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonichoma. Katika sherehe moja ya jamaa zetu, binti yangu alisema bega linamuuma. Mjomba wake, anayempenda kama mboni ya jicho lake, akamwambia, "Jikaze, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu." Naye akaitika, "Sawa, mjomba," kwa adabu tuliyomfundisha, na kwa wiki kadhaa hakusema tena kitu.

Mimi nimelelewa na methali hiyo na inaniuma kuipinga. Uvumilivu ndio uliotuleta hapa, ndio unaotuamsha usiku wa manane kwenda kazini theluji ikiwa magotini. Lakini bega halijui methali. Mwili ukipigwa mahali pamoja mara nyingi hujifunza kujikinga wenyewe, bila kuuliza moyo wala akili, na kujikinga huko huja sekunde ileile ambayo mtu anatakiwa kutulia. Jicho hufumba. Mkono husukuma mbele. Kidole hugoma, au huvuta kabla ya wakati. Walimu wa shabaha wana njia ya kuonyesha hili: hukutilia risasi bandia kati ya zile za kweli bila wewe kujua. Siku kocha alipomfanyia binti yangu, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sahani ikaruka, akavuta, hakukuwa na mlio, na nikauona mtutu ukichota chini, ghafla, kama kiganja kizima, wakati hakuna chochote kilichoupiga. Bega nalo lilikuwa limeshatoka mbele kupambana na mpigo ambao haukuwepo. Alinigeukia akiwa na macho makubwa. "Mama, sikufanya makusudi."

Naam, hakuna afanyaye makusudi. Kwenye viwanja vya Marekani utawakuta wazee waliopiga sahani maisha yao yote ambao kidole chao hakikubali tena kuvuta. Hutumia kifyatulio cha namna ya kinyume: unakibana kwanza, ukishakuwa tayari unakiachia, na kuachia ndiko kunakofyatua. Si wageni wa maumivu wale. Ni watu waliojikaza miaka mingi mpaka mwili ukawakatalia, na ilibidi chuma kibadilishwe kwa kuwa mwili haukubadilika tena. Sauti nayo ina sehemu yake. Mlio wa bunduki hii hupita desibeli 150, na sehemu ya hofu tunayoisingizia bega hukaa sikioni. Ndiyo maana kabla ya kubadilisha pedi tena, mimi humvalisha mtoto vizibo vya ndani na vifuniko vya nje kwa pamoja, nione kama ataacha kufumba macho.

Kwa hiyo kumwambia mtoto ajikaze kwenye mchezo huu ni kumfundisha kuficha habari ambayo kocha anaihitaji kuliko zote. Timu yetu sasa ina desturi niliyoipigania: baada ya mzunguko, kabla ya kuulizwa amevunja sahani ngapi, kila mtoto huulizwa mpigo umemfikia wapi. Kwenye bonde, sawa. Kwenye mtulinga, mkononi, shavuni, basi kuna kitu cha kurekebisha: kimo cha kitako, namna ya kusimama, pedi, risasi. Wavulana waliona aibu mwanzoni. Siku hizi hujibu kwa kuonyesha kwa kidole, upesi, kama wanavyoonyesha mahali walipoumwa na mbu.

Natamani mjomba wake angemwona Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait, aliyepata medali ya shaba ya skiti huko Tokyo mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 57. Au Kim Rhode wa California, aliyetwaa dhahabu Atlanta mwaka 1996 akiwa na miaka 17, akaendelea kupata medali katika kila Olimpiki hadi Rio mwaka 2016, sita mfululizo. Michezo michache sana humruhusu mtu kushindana kwa miaka mingi hivyo. Wanariadha wetu wengi wa mbio tunaowashangilia hustaafu wakiwa vijana. Hapa msichana wa miaka 14 anaanza kitu ambacho anaweza kukifanya akiwa bibi, ilmradi bega alilozaliwa nalo lifike huko pamoja naye. Mwenye kifaa cha kuratibu moyo kifuani huambiwa amwone daktari kwanza. Mwenye bega lililofanyiwa upasuaji vilevile. Wengine tumepewa nafasi ya kutunza kabla ya kuharibu.

Pedi tuliyoichagua hatimaye ni nyembamba kuliko niliyoitaka. Ni ya polima, haifiki sentimita moja, kingo zake zimechongwa zikaisha taratibu ili kitako kisikwame. Mfuko tuliushonesha upya kwa fundi cherehani, vidole viwili juu zaidi na kidogo kuelekea shingoni. Risasi ni za gramu 24. Bunduki ni ileile ya timu, nzito, inayojipakia, na kwa mtoto wa urefu wake kitako kimeondolewa kipande kimoja cha kurefushia. Nyumbani huvaa kizibao, huhakikisha mbele yangu kwamba bunduki ya mbao ya mazoezi ndiyo aliyoshika, na huipandisha begani mara nyingi akiwa amefumba macho, kisha huyafumbua kuona kama jicho linaangalia moja kwa moja juu ya mtutu. Ikikosea, tunasogeza pedi ndani ya mfuko kwa upana wa ukucha na kuanza tena.

Aprili ijayo itabidi tupime upya yote. Atakuwa ameongezeka urefu, mabega yatakuwa mapana zaidi, sweta litakuwa limerudi chini ya kizibao, na huenda kile kipande cha kitako kikarudishwa na pedi hii ikapewa msichana mwingine anayeanza.